Kufuata tope la Malagarasi, kutoka Tabora mpaka linapogeuka kuwa nchi kavu

Jumamosi, Tabora

Bwawa la Igombe watu wengi wa Tabora wanalijua kwa kitu kimoja tu, maji ya bombani, ukiwauliza mto unaoliingiza maji unatoka hapo unaenda wapi wanakuangalia. Mimi nafundisha jiografia sekondari, na kila mwaka nikifika mada ya mito nachora delta ubaoni, ile ardhi inayojengwa na tope mto unapoingia majini, pembetatu ile ile, mishale mitatu minne inaingia baharini, wanafunzi wanakopi, mtihani unakuja, maksi wanapata, tumeshamaliza. Likizo hii nikasema ngoja niufuate mto wenyewe mpaka mwisho nikaone nchi kavu inavyosogea kuingia majini, tena mto wetu huu huu, siyo Mississippi ya kwenye kitabu.

Kwa asiyejua, Igombe ukitoka huku unaelekea magharibi unaingia kwenye vinamasi vya Malagarasi, na Malagarasi unaenda kumwaga Ziwa Tanganyika pale Ilagala, kusini mwa Kigoma mjini. Kwa hiyo ukiangalia ramani tu, mvua ikipiga upande huu wa Tabora, udongo unaosombwa mashambani una njia ya moja kwa moja mpaka ziwani. Ila ramani haikuambii kama kweli unafika.

Nimezunguka mpaka mkiani mwa bwawa, kule maji yanakoingilia, na kumbe delta ya kwanza ya safari iko hapo hapo. Kijito kinakuja na maji ya rangi ya chai ya maziwa, kikigusa maji yaliyotulia mwendo unakufa, mchanga unatua kwanza, tope laini linasogea mbele kidogo nalo linatua, juu yake majani yameshaota. Siri yote ni hiyo. Maji yanayokimbia yanabeba, yakipunguza mwendo yanashusha mzigo, mzito kwanza halafu mwepesi. Watu wa mabwawa hawapendi kabisa kuona hivyo maana kila fungu linaloota mkiani ni nafasi ya maji iliyopotea, lakini mimi nilikaa pale karibu saa zima nimefurahi peke yangu, mchungaji mmoja wa ng'ombe akaniuliza kama nimepoteza simu.

Jumapili, kwenye basi, Tabora hadi Uvinza

Basi limeondoka alfajiri, Urambo tukapita watu ndo wanaamka, Kaliua tukanunua mahindi ya kuchoma, lami safi, konda anaongea na simu muda wote. Pembeni yangu amekaa mama mmoja na madumu ya asali anapeleka Kigoma. Tumesalimiana, akaniuliza mwanangu unaenda msibani au kazini, nikamwambia mama naenda kuangalia tope linavyotengeneza ardhi, akanyamaza kidogo halafu akasema haya, Mungu akutangulie. Sikumlaumu.

Baada ya Kaliua nchi inaanza kulala. Yaani hakuna mteremko wa maana, miombo inakatika, unaona mbuga ya majani na maji yanang'aa katikati ya majani, mafunjo yamesimama marefu kuliko mtu. Hivi vinamasi vya Malagarasi na Moyowosi ndiyo eneo la kwanza Tanzania kuingizwa kwenye mkataba wa Ramsar wa ardhioevu, mwaka 2000, na ukubwa wake unapita hekta milioni 3. Humo ndani kuna maziwa madogo, Sagara na Nyamagoma, na mito inayokutana ni mingi, Moyowosi, Ugalla, Igombe wetu, yote inaingia kwenye sahani moja pana.

Na hapo ndipo tope la Tabora linapokwama. Bonde la Malagarasi ni kubwa mno, kama kilomita za mraba 130,000, hakuna mto mwingine unaoingia Tanganyika wenye bonde la kuufikia, kwa hesabu ya haraka haraka ungetegemea delta ya kutisha kule mwisho, delta inayoonekana kwenye ramani ya ukutani. Haipo. Maji yakifika kwenye kinamasi yanatambaa, mafunjo yanayachuja, udongo unabaki humo humo na unajenga kinamasi badala ya kujenga ufukwe. Mtu akikwambia mto mkubwa ndo unatengeneza delta kubwa mwambie akaangalie kwanza mto umepita wapi kabla ya kufika.

Tukavuka Malagarasi kwenye Daraja la Kikwete. Nilisimama dirishani nikachungulia maji, si machafu nilivyotarajia, ya kahawia iliyokolea lakini hayana ule uzito wa tope wa mito ya masika, rangi hiyo nyingi ni ya majani yaliyoozea kinamasini. Mama wa asali akachungulia na yeye. Akauliza, sasa tope lenyewe liko wapi? Nikamwambia tumeliacha nyuma mama.

Uvinza nimeshuka jioni. Mji wa chumvi, Ruchugi unakutana na Malagarasi hapa na chemchemi za maji ya chumvi ziko karibu, watu wamechemsha chumvi hapa zaidi ya miaka 1,000, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta masalia yake. Nimelala gesti yenye feni inayopiga kelele kuliko upepo inaotoa.

Jumatatu, Uvinza hadi Kigoma

Siku fupi, haina mengi. Kitu kimoja tu cha maana, kutoka Uvinza kwenda chini mto unabadilika tabia. Ulikuwa unatambaa, sasa unafika ukingo wa Bonde la Ufa unaanza kuporomoka, kuna maporomoko ya Igamba huko, na vijito vya milimani vinaingia pembeni vikiwa na udongo mpya, mwekundu, wa mashamba ya kwenye miteremko. Kwa hiyo mzigo unaofika ziwani kwa sehemu kubwa siyo ule wa Tabora, ni wa karibu. Nilisikitika kidogo kama mtu wa Tabora lakini ndo hivyo.

Kigoma nimefikia kwa shemeji yangu, mtaa wa Mwanga. Usiku tumekula migebuka na ugali wa muhogo, akaniuliza sasa haya maji yakiingia Tanganyika yanaishia humo? Nikamwambia hapana shem, yanatokea upande wa pili, Kongo, kwenye mto Lukuga pale Kalemie, yanaingia Lualaba, yanakuwa mto Kongo mpaka Atlantiki. Akasema basi kule mwisho delta lazima iwe balaa. Mto Kongo ni wa pili duniani kwa wingi wa maji baada ya Amazon, sasa nikamwambia kitu ambacho na mimi kilinishangaza siku ya kwanza kukisoma, kwamba hauna delta inayotokeza baharini. Mdomoni kabisa kuna korongo refu chini ya maji, linaanzia ndani ya mlango wa mto wenyewe kama kilomita 30 kutoka pwani, mchanga na tope vinatumbukia humo vinateremka hadi kilindini. Mwezi Januari 2020 tope lililoporomoka kwenye hilo korongo lilisafiri zaidi ya kilomita 1,100 chini ya bahari na likakata nyaya za mawasiliano, intaneti ikasumbua nchi kadhaa za Afrika. Shemeji akasema kumbe. Akaongeza mgebuka.

Kwa hiyo hadi hapa nina njia mbili za mto kukosa delta ya maana, mzigo unakwama njiani, au unafika na kukuta shimo.

Jumanne, Ilagala

Asubuhi nimepanda Haisi kupitia Simbo, imejaza mpaka mlango haufungi, mbuzi juu, magodoro juu, mimi nimekaa nusu. Michikichi inaanza kuonekana kila upande, na harufu ya mawese, ukishuka ndo unajua umefika Kigoma yenyewe.

Ilagala nimeelekezwa kwa mzee mmoja anayejua mto, alikuwa mvuvi sasa anapeleka watu na mizigo kwa mtumbwi. Shikamoo babu. Marahaba mjukuu wangu, karibu, umetoka wapi. Nikamweleza, naye hakucheka, wa kwanza safari nzima ambaye hakucheka. Akanyanyuka akavaa kandambili akasema twende nikuonyeshe.

Tumetembea kwenye kingo ya mto. Kingo kwa hapa ni jina la haki kabisa, imeinuka kuliko mashamba yaliyo nyuma yake, yaani mto umejijengea tuta wenyewe kila upande. Nikamuuliza nani kainua, akacheka, nani wa kuinua? Maji yakijaa yanapanda juu ya kingo, yakipanda tu yanakosa nguvu, yanaacha mchanga hapo hapo pembeni, na yale yanayokwenda mbali zaidi nyuma yanapeleka tope laini tupu. Kwa hiyo juu ya tuta pamejengwa nyumba na kupandwa migomba, nyuma kwenye bonde ni mpunga. Watu wamejipanga kufuata ukubwa wa chembe za udongo bila kufundishwa na mtu.

Halafu akanipeleka kwenye dimbwi refu lililopinda, limezibwa magugu, watoto wanavua kambale kwa ndoano. Akasema mto ulikuwa unapita hapa zamani, baba yake aliuvuka hapa. Sasa hivi uko kule, akanyoosha mkono, mbali kabisa.

Hapa inabidi nikae kidogo, kwa sababu hiki ndicho ambacho sijawahi kukifundisha vizuri. Mto ukirefusha delta unajiharibia mwenyewe. Kila unavyosogeza mdomo mbele, njia inakuwa ndefu zaidi lakini kimo cha kushuka ni kile kile, kwa hiyo mteremko unapungua, maji yanapunguza kasi, yanaanza kuacha mchanga ndani ya njia yenyewe, kitanda kinapanda na matuta ya pembeni yanapanda nacho. Unafika wakati mto uko juu ya nchi inayouzunguka. Siku ya mafuriko makubwa tuta linapasuka mahali, na maji yakishapata njia ya mkato iliyo fupi na yenye mteremko mkali kwenda ziwani hayarudi tena, njia ya zamani inabaki dimbwi la kambale. Halafu kazi inaanza upya sehemu nyingine. Ndo maana delta inakuwa pana, siyo kidole kimoja kirefu, mto unapiga kona moja leo, kesho nyingine.

Mississippi umefanya hivyo mara kadhaa, kila kama miaka 1,000 hadi 1,500 unahama na kuanza tawi jipya, na sasa hivi ungeshahamia mto wa jirani, Atchafalaya, kama Wamarekani wasingeuzuia kwa milango ya zege. Huang He wa China ulihama 1855, ukaacha kumwaga kusini mwa rasi ya Shandong ukaenda kumwagia kaskazini yake, Ghuba ya Bohai, mamia ya kilomita kutoka mdomo wa zamani. Ule mto ulikuwa unabeba tani kama bilioni 1.6 za udongo kwa mwaka kabla ya mabwawa na upandaji wa miti kule juu kupunguza. Wetu hapa ni mdogo na mpole lakini kanuni ni hiyo hiyo, babu anaijua kwa macho.

Usiku mbu. Sina la kuongeza.

Jumatano, mdomoni

Tumeondoka kabla jua halijawa kali, babu nyuma na pondo, kijana wake mbele na kasia, mimi katikati nimeambiwa nisicheze maana mamba wapo na siyo utani. Mto unazidi kupanuka, unazidi kutulia, matete pande zote, vijimkondo vinachepuka kushoto na kulia vinapotelea kwenye majani. Kiboko wawili tumewapitia kwa mbali sana, babu aligonga ubavu wa mtumbwi ili wajue tupo.

Halafu matete yakaisha, mbele ziwa. Milima ya Kongo kule ng'ambo hafifu. Na mbele yetu, katikati ya mdomo, maji yanavunjika povu mahali ambapo hakuna kitu kinachoonekana. Babu akasema fungu hilo. Akatumbukiza pondo, likagota, maji ya kiunoni. Tukiwa tumetoka ufukweni umbali wa kutosha! Nikashuka nikasimama, mchanga mgumu, safi, wa kukwaruza. Mwendo wa mto unapokutana na ziwa unafunguka kama upepeo, kasi inakufa, mchanga unarundikana hapo mbele ya mdomo, na fungu likishainuka maji yanalazimika kugawanyika yapite kushoto na kulia kwake. Mkondo mmoja umekuwa miwili. Ile miwili nayo ikisogea mbele kila mmoja unajenga fungu lake unagawanyika tena, ile michoro ya matawi ninayochora ubaoni ndo inazaliwa hivyo, kwa mafungu ya mchanga mdomoni, siyo kwamba mto umeamua tu kuchanuka.

Tukapita fungu. Kijana akapiga kasia kidogo tu, babu akatumbukiza pondo tena, halikugusa. Akalisukuma mpaka mkono ukaingia majini, bado. Nikafungua uzi niliokuja nao na jiwe mwishoni, ukakimbia wote.

Hii ndiyo sehemu niliyoijia. Fikiria lori linalomwaga kifusi kwenye ukingo wa shimo, linamwaga, kifusi kinateremka kwenye mteremko, ukingo unasogea hatua moja, lori linapita juu ya kile lilichomwaga jana na kumwaga mbele yake. Delta ya ziwani inakwenda hivyo. Juu ni tabaka lililolala, ambapo mto unapita. Mbele ni mteremko ambapo mchanga unaporomoka. Chini kabisa ni tope laini lililoelea mbali kabla ya kutua, limetandazwa sakafuni, na delta inavyosonga inakuja kulifunika. Mmarekani mmoja, Grove Karl Gilbert, ndiye aliyeyaeleza matabaka haya matatu miaka ya 1880, alikuwa anazunguka kwenye mabaki ya ziwa la kale la Bonneville huko Utah, lililokauka, kwa hiyo alikuta delta zimebaki nchi kavu zimekatwa na mito anaziona kwa ubavu.

Sasa piga hesabu. Ukitaka ukingo usogee mita moja kwenye maji ya kina cha mita 2 unahitaji udongo kidogo. Kina kikiwa mita 20 unahitaji mara kumi yake kwa mita ile ile moja. Tanganyika kina chake kinafika mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal, na huku mashariki pia halichelewi kuzama. Kwa hiyo mto huu una mambo mawili yanayoupinga, kinamasi kimekula mzigo wake huko nyuma, na mbele kuna shimo la kujaza. Ndo maana delta ya Ilagala ipo, watu wanalima wanakula, lakini haijatokeza ikaonekana kwenye ramani ya darasani.

Linganisha na Rufiji. Pale mbele ya mdomo kuna bahari ya kina kifupi upande wa Mafia, tope lina pa kukaa. Halafu chumvi inasaidia, chembe za mfinyanzi kwenye maji baridi zinaelea zimetengana, zikikutana na maji ya chumvi zinagandana zinakuwa vibonge vizito zinatua upesi. Mikoko inakuja na mizizi yake inashika. Bahari nayo inapanda na kushuka mara mbili kwa siku, wakati wa bamvua, maji yanapojaa kuliko siku nyingine, tofauti inafika mita tatu na zaidi, maji yanaingia kwenye vijito na kutoka, yanavichimba viwe vipana. Huku ziwani hakuna kujaa na kupwa kwa maana hiyo, mashindano ni ya wawili tu, mto na mawimbi. Kiangazi upepo wa kusini ukishaanza mawimbi yanaukokota mchanga wa mdomoni kwenda kaskazini, babu anasema fungu la masika ukirudi Agosti hulikuti lilipokuwa, limekuwa ukanda mwembamba pembeni ya ufukwe.

Na matete yana kazi ambayo vitabu vinaipitia juu juu. Nyuma ya fungu, maji yametulia, babu akanionyesha mstari wa machipukizi yamesimama kwenye maji ya magotini, hakuna ardhi bado, tope tu. Yakishashika, kila maji machafu yanayopita yanapunguza mwendo kati ya mashina, tope linatua, mwaka mwingine au miwili unasimama hapo na miguu mikavu. Akasema anayapima hivi, matete yakianza kuota na ukoka katikati, mtu wa mpunga atakuja.

Ndiyo maana ardhi unaiona ghafla ingawa imejengwa muda mrefu. Kule Louisiana Wamarekani walichimba mfereji wa kupunguza mafuriko, Wax Lake, mwanzoni mwa miaka ya 1940. Miaka 30 hakuna aliyeona kitu, maji tu. Likaja furiko la 1973, yalipopungua visiwa vikawa vimechomoza baharini, na vinaendelea kukua hadi leo, huku pwani yote inayouzunguka inazama. Tope lilikuwa linapanda chini ya maji miaka yote hiyo bila kumwambia mtu.

Alhamisi, Luiche na Ujiji

Nimerudi mjini, leo nimeenda bonde la Luiche, kusini mwa Ujiji. Mto mdogo ukiulinganisha na Malagarasi, haufiki hata robo, ila hauna kinamasi cha kuuchuja, unatoka milimani moja kwa moja na vilima vimelimwa mpaka kileleni, mvua ikipiga asubuhi mchana ziwa limeshabadilika rangi. Bonde lake lote la mpunga ni delta, watu wanalilima bila kuliita hivyo. Kwa mtu wa mpunga udongo huo ni neema. Kwa samaki wanaoishi kwenye mawe ya ufukweni ni balaa, tope linafunika mawe wanakotafuta chakula na kuzalia, watafiti wa hapa Kigoma wameliandika hilo miaka mingi.

Mchana nimeenda kwenye mnara wa Livingstone, Ujiji, pale alipokutana na Stanley 1871. Wageni wanaambiwa zamani ziwa lilikuwa karibu hapa hapa, sasa unatembea mita mia kadhaa kulifikia, na kuna mwalimu mwenzangu aliwahi kuniambia huo ni ushahidi wa delta kukua. Siyo. Ziwa lilishuka. Lukuga, ule mto unaotoa maji ziwani, ulikuwa umejiziba kwa udongo na magugu, maji yakapanda hadi karibu 1878, kizibo kikapasuka, maji yakatoka kwa nguvu na ziwa likashuka karibu mita 10 kabla karne ya 19 haijaisha. Hapo ufukwe umesogea mbele bila kuongezwa hata ndoo ya mchanga. Ukitaka kujua delta imekua kweli uliza kuna udongo mpya, usiulize maji yako wapi.

Na maji yanarudi. Kuanzia 2020 hivi ziwa limepanda tena, Katonga na Kibirizi, huku huku Kigoma, nyumba zimeingia maji, 2024 ikawa vibaya zaidi, kuna watu walihamisha biashara zao mara mbili. Ziwa likipanda delta inarudi nyuma hata kama mto unaleta tope vile vile, maana kila kinacholetwa kinatumika kujaza kina kilichoongezeka kwanza. Delta ya Nile kilichoiumiza ni kingine, Bwawa Kuu la Aswan lilizuia tope tangu miaka ya 1960 na mawimbi ya Mediteranea yakaanza kula ncha yake pale Rosetta, Misri. Rufiji mwishoni mwa 2022 maji yalianza kujaza Bwawa la Nyerere, na mchanga ukiingia kwenye bwawa lile unatua mkiani, jinsi ulivyotua Igombe. Umeme tunauhitaji, siubishii, ila mtu wa Rufiji chini kule anayepanda mpunga kwenye tope la kila mwaka anastahili kuelezwa.

Jioni ndo nimekutana na mjadala uliokolea kuliko yote. Kwenye genge la kahawa pale Ujiji, wazee wanne na kijana mmoja anayeonekana wa ofisini, wanabishana kuhusu mita 60. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kudhuru mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Mzee mmoja anauliza, mita 60 kutoka wapi? Shamba langu lilikuwa mita 100, ziwa limepanda sasa niko ndani ya katazo, sijasogea mimi limesogea ziwa. Mwingine ana kesi ya upande wa pili, mto umemletea ardhi mbele ya shamba lake, kijana wa jirani ameshapanda mpunga humo, wa nani huo? Mwenye shamba la nyuma anasema ni mwendelezo wa lake. Kijana aliyepanda naye, kwa maneno yao, anasema hiyo ardhi haipo kwenye ramani yoyote, aliyeiwahi ndiye mwenyewe. Yule wa ofisini akasema kisheria iko ndani ya mita 60 kwa hiyo siyo ya yeyote kati yenu, wakamgeukia wote wanne.

Nilitaka kuchangia kwamba ardhi ya namna hiyo inaweza kuondoka pia, mto ukihama au ziwa likipanda, na wakipeana hati leo watakuwa wamegawana maji, ila mzee mwenye kesi akanikatiza akaniuliza wewe mwalimu umetoka huko mdomoni, hebu sema, lile tope la mbele ya shamba langu limetoka shambani kwa nani? Nikamwambia kwa watu wa milimani, huko Luiche unakoanzia. Akasema basi wasije kudai na wao.